Samaki Anayekufa Maji

Mama yangu amekaa kwenye meza ile ile ya samaki, soko la Bel-Air, tangu mimi sijazaliwa. Mimi nilikaribia kuifunga meza hiyo kwa neno moja. Halikuwa tusi wala uongo. Lilikuwa neno la kweli kabisa, nimelisomea chuo kikuu, na nililitamka kwa majivuno, Jumamosi asubuhi soko limefurika, mbele ya wateja wake. Neno lenyewe ni mapafu.

Kwanza mjue sisi ni watu gani, la sivyo mtadhani tuligombana bure. Ukoo wetu ni wa Maniema, mbali kaskazini, Waislamu, mafundi na wachuuzi. Babu yake mama alifika Lubumbashi na randa yake ya useremala, akaoa, akazikwa hapa hapa. Wateja wa mama karibu wote walikuwa akina mama wa msikiti wetu, na walimfuata kwa sababu moja tu. Huko wanakokausha samaki, chanja moja inaweza kubeba samaki, nyani na nguruwe wa porini, vyote vinapigwa na moshi mmoja, mafuta ya huyu yanamdondokea yule. Mama alikuwa na mwanamke wake wa kumkaushia samaki kule Kilwa, ile ya ziwani huku huku Katanga, ambaye chanja zake hazikuwahi kubeba kitu kingine ila samaki. Mzigo hata barabara iwe imeuchelewesha wiki nzima, watu waliusubiri. "Samaki ya mama ule iko safi," walisema. Hilo neno safi ndilo lililokuwa biashara yake yote. Meza imekongoroka, mwavuli umetoboka. Alichokuwa nacho cha maana ni hilo neno.

Na kwetu kuna sheria ambayo hata mtoto anayeanza madrasa anaijua. Mbuzi, kuku, ng'ombe, lazima achinjwe kwa jina la Mungu. Akifa vinginevyo ni nyamafu, haliwi. Samaki hachinjwi. Akifia wavuni, unamla. Kwa hiyo mtu akiuliza "hii iko samaki ao nyama?" hafanyi mchezo wa shule. Anauliza kama chungu chake ni halali.

Haya. Mimi ni mwalimu wa biolojia. Nafundisha sekondari, kwa Kifaransa ubaoni na kwa Kiswahili kila ninapotaka waelewe. Somo ninalolipenda kuliko yote ni lile la kupanga viumbe: nani ndugu ya nani, na tunajuaje. Wanafunzi wangu wanakuja na mpango wao tayari, wa nyumbani. Kuna nyama, kuna ndege, kuna samaki, kuna kadudu, kuna muntu. Basi. Popo ni ndege kwa sababu anaruka. Uyoga ni jani kama lengalenga kwa sababu unaliwa na bukari, ugali wetu. Mwaka wangu wa kwanza niliandika ubaoni, kwa Kifaransa, kwamba binadamu naye ni mnyama, halafu kwa haraka zangu nikatafsiri kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi: "Muntu iko nyama." Loo! Kwetu sisi nyama ni yule anayekimbia porini, na nyama ni kile kinachochemka sufuriani. Neno ni hilo hilo moja. Darasa zima lilipiga mayowe. Kesho yake baba mmoja alikuja shuleni kuuliza ni mwalimu gani huyo anayefundisha watoto kwamba watu ni kitoweo. Nilimcheka. Mkuu wa shule hakucheka. Ningekuwa na akili ningejifunza siku ile kwamba neno hilo lina meno. Sikujifunza kitu.

Sasa huyu samaki. Nilikutana naye nikiwa na miaka tisa, likizoni kwa mjomba wangu, kijijini Lukafu. Ilikuwa kiangazi, mjomba analima mahali palipokuwa dimbwi, udongo umepasuka vipande vipande. Jembe likagonga bonge, na lile bonge likakoroma. Nilikimbia. Mjomba alicheka, akalivunja taratibu. Ndani mlikuwa na mfuko mwembamba wa kahawia, mkavu, na ndani ya mfuko samaki mrefu amejikunja, mkia umefunika macho, anapumua. Samaki kachimbwa kama kiazi! Mahali pale hapakuwa na tone la maji kwa miezi. Mjomba akamtia kwenye ndoo ya maji, na baada ya muda akajinyoosha, akaanza kuogelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilikaa na ile ndoo mchana kutwa. Kila baada ya muda mfupi alipanda juu, akafungua kinywa, akavuta hewa, akashuka. Nilikasirika. Nilikasirika kweli, kwa sababu nilielewa kwamba watu wazima walikuwa wakiniambia habari za samaki miaka yote na wamekiacha kitu hiki. Nadhani ualimu wangu ulianzia kwenye hasira hiyo.

Vitabuni, kwa Kiswahili sanifu, wanamwita kambaremamba. Sisi nyumbani tulimwita samaki ya potopoto, samaki wa matope. Mama alimuuza miaka yote, amekaushwa, amekatwa vipande, na watu walimpenda maana ana mafuta na mchuzi wake ni mzito. Lakini wengi wao hawakuwahi kumwona mzima.

Jumamosi ile walimwona. Mwanamke wa Kilwa alikuwa ametuma mmoja hai, ndani ya ndoo ya matope mabichi, zawadi tu, na mama akamhamishia kwenye beseni la maji kando ya meza. Nilikuwa nimekuja kumsaidia. Watu wakajaa.

"Ay mama, hii iko nyoka!"

"Nyoka gani? Unaona mapezi?"

"Ile haiko mapezi, iko kamba ya viatu."

"Iko kambale. Kambale ya bugonjwa."

Na kweli mapezi yake ni manne, membamba kama kamba za viatu, na mwili wake ni mrefu, unateleza. Mbele ya wote alisimama mama mmoja ambaye ndiye msimamizi wa sufuria zote za msikiti wetu: arusi, matanga, futari. Bila yeye watu hawali. Mama yangu alimheshimu, na yeye alinunua kwa mama kwa vikapu. Nitamwita mpishi mkuu.

Mimi nikaona darasa. Huo ndio ugonjwa wangu, nikiona watu sita wamesimama pamoja nadhani wamekuja kusikiliza.

"Si nyoka na si kambale," nikasema kwa sauti. "Tazameni anavyopanda juu. Huyu ana mapafu. Mapafu mawili, kama mimi na wewe. Akishakuwa mkubwa, maji peke yake hayamtoshi. Ukimshikilia chini asipande kuvuta hewa, anakufa maji."

"Samaki anakufa maji?"

"Anakufa maji!"

Wakaangua kicheko. Mmoja alishika kiuno, mwingine akainua simu akaanza kurekodi. Nilikuwa nimenoga, nawaambia nyie. Nilikuwa nafurahi kama bibi arusi. Mpishi mkuu peke yake hakucheka.

"Mwalimu," akaniita. "Inapumua kama mbuzi?"

"Kama mbuzi," nikajibu.

"Basi iko nyama." Akamgeukia mama yangu, polepole. "Mama, vile vipande vya samaki ya potopoto tulipikaka mu arusi, tulipikaka mu futari. Nani alichinjaka?"

Kicheko kilikatika. Mama alikuwa na kisu mkononi, anampasulia mteja mpale, yaani perege. Alinitazama mimi, na mpaka leo sijui kuuelezea ule mtazamo, ila najua nilitaka ardhi ya Bel-Air inimeze na viatu vyangu.

Kufikia saa tisa mchana sauti yangu ilikuwa imezunguka kwenye makundi yote ya simu ya akina mama. "Kama mbuzi." Mtu akiibonyeza, mimi huyo: "Kama mbuzi." Walinitumia hata mimi mwenyewe. Chini yake maneno: mama ule alitulishaka nyamafu. Wengine wakauliza futari walizokula zimekuwaje, na funga zao zimekwenda wapi. Walikuwa wameumia, hilo nakubali. Mtu aliyejitunza maisha yake yote, ukimwambia ghafla alikula mzoga siku takatifu, ataumia. Lakini wiki ile hawakununua hata mpale, hata dagaa. Mpale hana kosa lolote! Ni mkono wa mama sasa uliotiliwa shaka. Naye aliendelea kwenda sokoni kila asubuhi, akapanga samaki wake, akafukuza nzi kwa kipande cha katoni mpaka jua linageuka, akafunga. Mzigo mwingine ulikuwa njiani kutoka Kilwa na hakujua atamuuzia nani.

Siku ya nne alikuja nyumbani mzee fundi cherehani, ambaye ndiye kiongozi wa wazee wa msikiti. Mtu mpole, ana utepe wa kupimia shingoni hata akienda kuzika. Alikaa, akakubali chai, akanigeukia.

"Mwanangu, iko rahisi. Ijumaa kisha sala ya alasiri tutakutana mu kiwanja ya msikiti. Utasimama, utasema ulikosea. Useme tu ile iko kambale. Maneno mbili, na mambo inaisha."

"Mzee, hata kambale anavuta hewa."

Akafumba macho. "Usiongeze."

"Si kwa mapafu, lakini ana kitu kichwani, juu ya matamvua, kama kichaka kidogo chekundu, ndiyo maana unamwona anatembea kwenye majani wakati wa..."

"Mwalimu, nakuomba. Ukiendelea vile, mwezi wa kufunga tutabakia na lengalenga."

Hata mama alitaka kucheka, nilimwona. Lakini mzee alipoondoka hakucheka.

"Utasema," mama akaniambia.

"Siwezi. Ni uongo."

"Bongo inaua nani?" Mama akikasirika Kiswahili chake kinakuwa cha sokoni kabisa, uongo unakuwa bongo. "Nilikusomesha na hawa samaki. Kichwa mpaka mukia, kila mwaka wako wa shule iko mu tumbo ya samaki."

"Ndiyo maana sitawasingizia!"

"Eh! Unajua kusema. Sikiliza basi, weye mwenye kusema. Batoto ba masomo batakusahau, mwaka kesho utapewa bengine. Miye sina darasa ingine. Niko na meza."

Nilitoka nje nikasimama karibu na lile beseni, ambalo sasa lilikuwa uani kwetu, na samaki alipanda, akavuta hewa, akashuka, hana habari. Nililia kwa hasira. Nilikuwa na hasira na mpishi mkuu, na wale wa makundi ya simu, na zaidi ya wote na mimi, kwa sababu kadiri nilivyowaza ndivyo nilivyoona kwamba kweli nilikuwa nimekosea mahali. Si kwenye mapafu. Mahali pengine. Ilinichukua siku mbili kupaona.

Ijumaa asubuhi nilimuua yule samaki kwa mchi, pigo moja, na sikufurahia. Nilinunua na mpale mbichi mmoja, kwa mchuuzi mwingine ili pasiwe na maneno. Nikachukua ubao wa jikoni, kisu na mrija wa kunywea soda. Mama aliona nikifunga hivyo vitu kwenye kitenge. Alivaa, akatembea mbele yangu mpaka msikitini bila kugeuka.

Wazee walikuwa kwenye viti, akina mama kwenye mikeka upande wa ukuta, mpishi mkuu mbele yao. Mama alikaa mwisho kabisa, karibu na viatu. Mzee fundi cherehani alifungua kwa dua, akanipa ruhusa kwa ishara ya mkono, na nadhani alikuwa ameshaanza kushukuru moyoni. Nikakunjua kitenge.

"Nini tena?" mtu akauliza.

"Nimekuja kusema nilipokosea," nikasema. "Lakini naomba mtazame."

Nikaanza na nje. Nilikwangua ute, nikawaonyesha magamba, madogo sana, yamelala chini ya ngozi kama vigae. Nikafunua shavu: matamvua haya hapa, madogo lakini yapo. Nyoka hana matamvua. Nikawaambia anataga mayai majini, na watoto wake wanazaliwa na matamvua ya nje, kama vishada shingoni. Halafu nikampasua tumbo, nikaondoa utumbo, na kule juu, chini ya uti wa mgongo, yakaonekana: mawili, marefu, yamelala pamoja. Nikaingiza mrija pale yanapofungukia kooni, nikapuliza.

Yalijaa. Yaliinuka mbele ya macho yao, ya waridi, yanang'aa. "Subhanallah," akasema mzee mmoja, na kiti chake kikasogea mbele. Nikaacha, yakanywea. Nikapuliza tena. Hapo hapakuwa na mtu aliyekuwa akitazama simu yake.

Nikachukua mpale, nikampasua naye. "Na hiki je? Mnakijua." Kilikuwa kile kifuko cheupe cha hewa ambacho watoto wote wa Lubumbashi wamewahi kukipasua kwa vidole wakati mama zao wakiosha samaki. "Hiki na haya mapafu ni kitu kimoja. Zamani, zamani mno, kabla hakuna mguu uliokanyaga nchi kavu, samaki waliokaa kwenye maji mabaya walikuwa na mfuko wa kuvutia hewa. Waliokuwa nao waliishi, wakazaa. Wasiokuwa nao walikufa. Kizazi juu ya kizazi, ukoo mmoja ule mfuko ukageuka kuwa boya la kuelea. Huyo ndiye mpale. Ukoo mwingine mfuko ukabaki mapafu. Huyo ndiye samaki ya potopoto. Na kwenye ukoo huo huo wa mapafu wapo waliokuwa na mapezi yenye mifupa imara, mapezi yakawa miguu, wakatoka. Ndio hao waliozaa vyura, na mijusi, na mbuzi."

Nikaweka kisu chini.

"Kosa langu ni hili. Mama huyu aliyekaa mbele aliniuliza kama samaki huyu anapumua kama mbuzi, nikasema ndiyo. Si kweli. Mbuzi ndiye anayepumua kama samaki. Mapafu ni mali ya samaki, mbuzi ameyarithi. Mkisema mwenye mapafu si samaki, basi mpale naye mumtupe, maana amebeba tumboni pafu la babu yake. Nilikosea, naomba msamaha. Lakini mapafu anayo, na sitasema hana. Sitasema leo, sitasema kesho."

"Na sisi?" aliuliza mpishi mkuu. Mwanamke yule ana akili, laiti ningempata darasani. "Sisi tulirizi kwa nani?"

Ningeweza kunyamaza. "Kwa hao hao," nikasema.

Astaghfirullahi! Kiwanja kilichemka. Mmoja akauliza kama sasa tunakula ndugu zetu, mwingine akataka nitolewe nje na ubao wangu. Nilibaki nimesimama. Nilikuwa naogopa, tena sana, lakini nilisimama.

Mzee fundi cherehani aliinua mkono mpaka wakatulia. Alikuwa amechoka, na alikuwa mwema, na wema wake ndio uliotaka kutumaliza.

"Nilikuomba maneno mbili, umetuletea kitabu muzima," akaniambia. "Mambo ya babu ya mbuzi tuache kwa shule. Hapa tutasema hivi. Kuanzia leo, kwa usalama, hii tutaihesabu nyama: ichinjwe, ao isiuzwe. Na ya zamani, hakuna zambi kwa muntu mwenye hakujua. Mama hakujua kama iko na mapafu. Hata sisi hatukujua. Mama asimame tu aseme: sikujua. Tunasoma dua, tunafunga."

Nikaona sura za akina mama zikilegea. Ilikuwa ni njia ya kutokea, pana, safi, na haikuhitaji mtu yeyote kuaibika. Neno moja tu. Mpishi mkuu mwenyewe alitikisa kichwa kukubali. Nikamwona mama anainuka pale kwenye viatu, anajifunga kitenge vizuri. Akapita karibu nami, na mimi, mimi niliyeapa dakika tatu zilizopita kwamba sitasema uongo leo wala kesho, nikamshika mkono nikamnong'oneza:

"Sema hukujua, mama. Sema, yaishe."

Akautoa mkono wake.

"Nilijua," akasema.

Hakupaza sauti, lakini kiwanja kizima kilisikia.

"Nilijua. Banauliza kama nilijua! Kila moja ya hawa samaki yenye ilifika kwangu mubichi nilipasua na hii mikono, mbele ya mwalimu huyu kuzaliwa. Mapafu nilikuwa nayitoa, naitupia paka. Kama mungeniuliza ningewaonyesha. Hakuna mwenye aliniuliza, mulikula na mukasema mama, ongeza." Hapo mtu alicheka, akajiziba mdomo. "Sitachinja samaki. Nikichinja leo, nimekubali jana niliwalisha nyamafu, na miye sikuwalisha nyamafu. Inazaa mu mayi, inakula mu mayi, na mayi ikikauka inalala mu potopoto inaingojea. Iko samaki. Eti juu ya inapumua, muitoe. Miye nilizaliwa hapa Lubumbashi, mama yangu alizaliwa hapa. Hapa banasema niko muntu wa kuja. Nilienda Maniema mara moja kuzika, kule banasema niko muntu wa Katanga. Kila mahali nafika banatafuta kitu ya kunitolea. Sasa na samaki yangu? Hapana. Mwenye kula, akuye kesho, meza iko pale pale. Mwenye kuogopa, apite, na sitamuchukia. Lakini kusema sikujua, sitasema."

Akarudi kukaa pale penye viatu.

Mzee fundi cherehani alishika utepe wake shingoni kwa ncha zote mbili, akaukunja, akaukunjua. Mwishoni alisema kila nyumba iamue juu ya chungu chake, na kwamba neno nyamafu lisitajwe tena juu ya mama huyu kwa sababu mtu mwongo hajitii mwenyewe kwenye shida namna hii. Akasoma dua. Mpishi mkuu alisimama, akakung'uta kitenge, akaondoka bila kutuaga, na karibu nusu ya akina mama wakamfuata.

Arusi hazikurudi, niseme ukweli. Mpaka leo mpishi mkuu ananunua kwingine, na tukikutana njiani anamsalimia mama kwa heshima zote na anapita. Wapo waliorudi kwa mpale tu. Wapo waliorudi kwa samaki ya potopoto hasa, na wengine wapya kabisa, wasio wa msikiti, waliokuja kumwona mwanamke aliyewabishia wazee. Meza ni ndogo kuliko ilivyokuwa. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika kwenye mtihani kwamba mbuzi anapumua kama samaki, nikampa alama zote.

Lakini siku ile, tukirudi nyumbani, sikuwa najua lolote kati ya hayo. Mama alikuwa mbele na ubao, mimi nyuma na kitenge kinachonuka. Nilihesabu moyoni watu waliotoka na mpishi mkuu, nikaona meza tupu, nikashindwa kuvumilia.

"Mama, ungesema tu hukujua. Neno moja tu. Wangekusamehe wote."

Akasimama katikati ya njia. Mtu wa baiskeli ilibidi atuzunguke.

"Juzi nilikuambia useme bongo, ukakatala, ukanipigia makelele mu nyumba yangu. Nikalala na hiyo makelele siku mbili, nikaona uko na haki. Sasa leo weye njo unaniambia miye niseme?" Alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, kama anayetafuta nimekatika wapi. "Uchague moja, mwalimu. Miye nimekwisha kuchagua."